Kwa nini UTV Ireland ilishindwa ilhali ilikuwa na tamthilia mbili kubwa? Mwaka 2015 katika televisheni ya Ayalandi

Swali la msomaji: "Ninafanya kazi katika idara ya ratiba ya kituo cha televisheni cha binafsi hapa Afrika Mashariki, na kwetu ushindani mkali ni wa kupata haki za kuonyesha tamthilia za kigeni. Nimesoma kwamba mwaka 2015 kituo kipya nchini Ayalandi kiliwachukulia wenzake tamthilia mbili zilizokuwa na watazamaji wengi, kisha chenyewe kikauzwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Naomba unieleze ilikuwaje, nani hasa alinufaika na mwaka ule, na sisi tuangalie nini kabla ya kutia saini mkataba wa aina hiyo."

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. UTV Ireland haikushindwa kwa kuwa tamthilia zake, yaani Coronation Street na Emmerdale za Uingereza, zilikosa watazamaji, kwani watazamaji walizifuata. Ilishindwa kwa sababu tamthilia hizo zilijaza sehemu ndogo tu ya jioni, na saa zilizobaki hazikuwa na kitu cha kumfanya mtu aendelee kukaa kwenye kituo hicho. Aliyenufaika zaidi hakuwa yule aliyezipata tamthilia wala yule aliyezipoteza, bali kampuni ya kebo ambayo mwanzoni mwa mwaka haikuwa na kituo hata kimoja kikubwa cha Ayalandi, na mwishoni mwa 2016 ikawa na vituo vyote viwili, kile kilichozipata na kile kilichozipoteza.

Kwanza ni lazima kuifahamu ramani. Kisiwa cha Ayalandi kimegawanyika kati ya Jamhuri ya Ayalandi, ambayo ni nchi huru na mji wake mkuu ni Dublin, na Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza na mji wake mkuu ni Belfast. Sensa za mwaka 2011 zilihesabu watu wapatao milioni 4.6 katika Jamhuri na milioni 1.8 upande wa kaskazini. Ulster Television, ambayo baadaye ilijulikana kwa kifupi kama UTV, ilianza kurusha matangazo kutoka Belfast tarehe 31 Oktoba 1959, ikiwa ndiyo mwenye leseni ya mtandao wa ITV, televisheni ya biashara ya Uingereza, kwa eneo la kaskazini. Televisheni ya taifa ya Jamhuri, ambayo leo tunaiita RTÉ, ilianza tarehe 31 Desemba 1961. Kwa maneno mengine, kabla Jamhuri haijawa na kituo chake, nyumba nyingi za pwani ya mashariki na za karibu na mpaka zilikuwa tayari zimeinua antena ndefu ili kunasa BBC na UTV. Baadaye kebo ilisambazwa Dublin na miji mingine, kisha yakaja madishi ya Sky, kampuni ya televisheni ya setilaiti, na vituo vya Uingereza vikawa sehemu ya kawaida ya sebule za Ayalandi.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloitofautisha biashara ya televisheni ya Ayalandi na ya nchi nyingi. Kituo cha Dublin hakishindani na vituo vya nyumbani peke yake. Kinashindana, kwa lugha ile ile na katika king'amuzi kile kile, na vituo vya jirani ambaye idadi ya watu wake wakati huo ilikuwa zaidi ya mara 13. Vituo kadhaa vya Uingereza, Channel 4 kikiwa kimojawapo, huuza nafasi za matangazo ya biashara zinazowalenga watazamaji wa Ayalandi peke yao, na hivyo huchota fedha katika soko hilo dogo bila kubeba gharama ya kutayarisha habari au vipindi vya nchi hiyo.

Katika mazingira hayo, TV3 ilianza kurusha matangazo tarehe 20 Septemba 1998 ikiwa kituo cha kwanza cha binafsi cha nchi nzima. RTÉ ilikuwa na vyanzo viwili vya mapato, yaani ada ya leseni ya televisheni, ambayo tangu 2008 imekuwa euro 160 kwa mwaka kwa kila nyumba, pamoja na matangazo ya biashara. TG4, kituo cha lugha ya Kiayalandi kilichoanzishwa 1996, kilitegemea zaidi fedha za umma. TV3 ilitegemea matangazo ya biashara karibu kwa kila kitu. Kituo cha namna hiyo katika soko dogo hutafuta bidhaa iliyokwisha kulipiwa gharama mahali pengine, na tamthilia za mfululizo za Uingereza ndizo zilizofaa kuliko kitu chochote. Mtayarishaji huwa amerudisha gharama zake nyumbani, kwa hiyo anachopata Dublin ni nyongeza, na anayenunua hupata kipindi ambacho asingeweza kamwe kukitengeneza kwa bei hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, nami nakuomba upasome kwa makini. Coronation Street, tamthilia ya maisha ya mtaa mmoja wa kaskazini mwa Uingereza ambayo imekuwa hewani tangu Desemba 1960, haikuanza kuonekana Jamhuri kupitia TV3. Ilikuwa ikionyeshwa na RTÉ. Mwaka 2000 kampuni ya Granada, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiitengeneza, ilinunua asilimia 45 ya hisa za TV3, na mwaka 2001 tamthilia ikahama kutoka RTÉ kwenda TV3. Haikuhama kwa sababu TV3 ilikuwa na ratiba bora. Ilihama kwa sababu mwenye tamthilia alikuwa amekuwa pia mwenye kituo. Baada ya Granada kuungana na Carlton mwaka 2004 na kuzaliwa kampuni ya ITV plc, hisa zile ziliingia mikononi mwa ITV. Mwaka 2006 kampuni ya uwekezaji ya Doughty Hanson iliinunua TV3 kwa thamani ya euro milioni 265, na ITV ikatoka. Tangu siku hiyo TV3 ilibaki na tamthilia kwa mkataba wa kawaida wa ununuzi, bila undugu wa hisa uliozileta. Tamthilia zilikuwa kwake kama mali ya kupanga, na mwenye mali hakuwa tena na sababu ya kumpendelea mpangaji huyo kuliko mwingine.

Mwingine huyo alijitokeza Novemba 2013. UTV ilitangaza kwamba imepata kutoka ITV Studios haki za kipekee za Coronation Street na Emmerdale, tamthilia nyingine kubwa ya ITV, kwa Jamhuri yote, na kwamba itaanzisha kituo kipya chenye makao Dublin mapema 2015. Mantiki yake haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. UTV ilikuwa tayari na vituo vya redio katika miji ya Dublin, Cork na Limerick, kwa hiyo ililijua soko la matangazo la kusini. Jina lake lilifahamika katika nyumba za Jamhuri kwa zaidi ya nusu karne. Uchumi wa Ayalandi, ulioanguka vibaya baada ya 2008, ulikuwa umeanza kuinuka. Mtu aliyesoma mpango ule mwaka 2013 angeweza kwa haki kabisa kuuona kuwa mzuri.

UTV Ireland ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2015, ikiwa na taarifa ya habari iliyoitwa Ireland Live na kipindi cha mahojiano cha Pat Kenny, mtangazaji aliyejulikana nchi nzima kwa miaka yake mingi RTÉ. Ilipatikana kwa Saorview, mfumo wa bure wa kidijitali ulioachiwa uwanja mitambo ya analojia ilipozimwa tarehe 24 Oktoba 2012, na pia kwa kebo na kwa Sky. Kwa hiyo usambazaji wenyewe haukuwa tatizo.

Tatizo la kwanza lilikuwa hesabu ya saa. Wakati huo Coronation Street ilikuwa na sehemu tano za nusu saa kwa wiki, na Emmerdale sita. Jumla yake ni saa tano na nusu, matangazo ya biashara yakiwemo. Tukichukua jioni kuwa ni kuanzia saa 12 hadi saa 5 usiku kwa siku zote saba, tunapata saa 35. Tamthilia zilizokuwa sababu ya kuzaliwa kwa kituo hicho zilijaza chini ya moja ya sita ya saa hizo, na kituo kizima kiliajiri watu, kikakodi majengo na kikajenga studio kwa ajili ya zote 35. Kila mpangaji wa ratiba anajua kwamba faida ya tamthilia kubwa haiko ndani ya tamthilia yenyewe tu, bali katika watu wanaobaki kutazama kinachofuata. Mtazamaji wa Ayalandi, tamthilia ilipokwisha, alikuwa na RTÉ One, alikuwa na BBC, alikuwa na TV3 ile ile aliyoizoea, na kituo kipya hakikuwa kimempa bado sababu ya kukaa.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi, na naamini ndilo lililoamua hatima ya kituo. UTV ya Belfast, kama nilivyoeleza, ilikuwa ikionekana kusini kwa muda mrefu kupitia kebo na Sky. Nyumba moja isingeweza kuwa na UTV mbili zinazoonyesha tamthilia zile zile kwa saa zile zile, kwa kuwa watazamaji wangegawanyika na thamani ya matangazo ya biashara ya Dublin ingeshuka. Hivyo ile ya Belfast iliondolewa kwenye orodha za kebo na za Sky katika Jamhuri, na UTV Ireland ikachukua nafasi yake. Kwa karatasi, hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini UTV ya Belfast ilikuwa imebeba takriban ratiba yote ya ITV, na UTV Ireland haikuwa na haki za ratiba hiyo yote. TV3 ilikuwa bado na mikataba ya vipindi vingine vikubwa vilivyoonekana ITV, yakiwemo mashindano ya vipaji kama The X Factor. Matokeo yake, mtu aliyebonyeza kitufe alichokizoea miaka yote alikuta jina analolijua, lakini vipindi kadhaa alivyovipenda havipo hapo.

Fikiria jambo hilo kwa jicho la mtazamaji, kwa sababu sisi wa upande wa biashara tunaelekea kulifikiria kwa jicho la mkataba. Yeye hakuambiwa, na wala hakupaswa kujua, kwamba haki za kipindi hiki zimeuzwa kwa huyu na za kile kwa yule. Alichokiona ni kwamba kituo fulani kimeondolewa nyumbani kwake na kingine kimewekwa mahali pake kikiwa na upungufu. UTV Ireland ilitegemea kurithi mapenzi ya watu kwa jina la UTV, na siku yake ya kwanza hewani ndiyo siku iliyowanyang'anya watu hao UTV waliyoipenda. Waliokaa karibu na mpaka waliendelea kunasa mawimbi ya kaskazini kwa antena, na wenye vipokezi vya bure vya setilaiti waliendelea kuitazama ITV ya Uingereza, kwa hiyo hata ule upekee wa tamthilia ulikuwa na matundu.

Fedha zilifuata mkondo huo. Kampuni ilikuwa imewaambia wanahisa watarajie hasara ya wastani katika mwaka wa kwanza, na kabla mwaka haujafika katikati ilibidi iwatangazie kwamba hasara itakuwa mara kadhaa ya ile iliyotajwa. UTV ilikuwa kampuni ya soko la hisa yenye biashara nzuri za redio, na wanahisa wake hawakuwa na sababu ya kuvumilia kwa muda mrefu.

Sasa tuitazame TV3, maana upande huu wa hadithi hausimuliwi mara nyingi, nami nauona kuwa ndio wenye mafunzo zaidi kwa mtu wa kazi yako. Ilikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kujiandaa. Chini ya mtendaji wake mkuu, David McRedmond, iliamua kutumia fedha kwa vitu ambavyo hakuna ambaye angeweza kuvihamisha kwa saini moja ya London. Tarehe 7 Januari 2015, wiki moja baada ya kuzaliwa kwa mpinzani wake, ilianza kuonyesha Red Rock, tamthilia yake yenyewe kuhusu kituo cha polisi katika mji wa kubuni wa pwani karibu na Dublin, iliyopigwa picha ndani ya kilichokuwa kiwanda cha sigara cha John Player jijini humo. Sisemi kwamba Red Rock ilizipata namba za Coronation Street, haikuzipata. Lakini ilikuwa mali ya Ayalandi, iliwapa kazi waandishi, waigizaji na mafundi wa nchi hiyo, na mwaka huo huo BBC ikainunua na kuionyesha katika vipindi vyake vya mchana. Nchi ambayo kwa nusu karne ilikuwa ikinunua tamthilia za mfululizo kutoka Uingereza ilimuuzia jirani yake moja. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya mwaka ule, na lilitokea kwa sababu kituo kilinyang'anywa njia rahisi.

Msaada wa pili kwa TV3 ulikuwa michezo. Ilikuwa na haki za Kombe la Dunia la raga, lililochezwa Uingereza na Wales kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba 2015. Tarehe 11 Oktoba timu ya Ayalandi iliifunga Ufaransa 24–9 jijini Cardiff, na nchi ilikaa mbele ya TV3. Wiki moja baadaye Argentina iliitoa Ayalandi katika robo fainali kwa 43–20, lakini kituo kilikuwa kimekwisha kuthibitisha kwamba kinaweza kuibeba siku kubwa ya taifa. Novemba kikashinda pia haki za mashindano ya raga ya Mataifa Sita kwa miaka ya 2018 hadi 2021, ambayo RTÉ ndiyo iliyokuwa imeyashika. Hii ndiyo ajabu ya mwaka 2015: kituo kilichoanza Januari kikiwa kimepoteza nguzo zake mbili kiliumaliza mwaka kikiwa na nguvu ya kuichukulia RTÉ mojawapo ya nguzo zake.

Nguvu hiyo, hata hivyo, haikutoka katika ratiba peke yake. Julai 2015 ilitangazwa kwamba Liberty Global, kampuni kubwa ya kimataifa ya kebo, itainunua TV3 kupitia tawi lake la Ayalandi, UPC, kwa euro milioni 80, pamoja na nyongeza ya hadi milioni 7 kwa masharti. Linganisha na ile milioni 265 ya mwaka 2006 uone ni kiasi gani msukosuko wa uchumi, kushuka kwa matangazo ya biashara, na kuondoka kwa tamthilia vilivyokuwa vimekula thamani ya kituo. Sheria ya Ayalandi huyapitisha maungano ya vyombo vya habari chini ya jicho la waziri pamoja na lile la mamlaka ya ushindani, na wakati huo waziri wa mawasiliano alikuwa Alex White. Ununuzi ulikamilika Desemba. Katikati ya mchakato huo, Oktoba, UPC yenyewe ilibadilisha jina na kuwa Virgin Media, jina ambalo Liberty ilikwisha kulitumia kwa kebo yake ya Uingereza.

Liberty haikuwa peke yake. Desemba hiyo hiyo kampuni ya simu ya eir, ambayo Septemba ilikuwa imeliacha jina lake la zamani la Eircom, ilitangaza kuvinunua vituo vya michezo vya Setanta. Katika mwaka mmoja, mwenye nyaya za kebo na mwenye nyaya za simu wote wawili waliamua kwamba hawataki tena kubeba vipindi vya watu wengine tu. Ukitaka kujua kwa nini nasema 2015 ndio mwaka ambao televisheni ya Ayalandi ilibadilika sura, sababu ni hii, kuliko kuhama kwa tamthilia.

Wakati TV3 ikipata tajiri mpya, UTV ilikuwa ikitafuta njia ya kutoka. Oktoba 2015 ilikubali kuiuzia ITV biashara yake yote ya televisheni, ya Belfast na ya Dublin, kwa pauni milioni 100, na mauzo yakakamilika mwishoni mwa Februari 2016. Kampuni iliyobaki, ikiwa na redio peke yake, ilijiita Wireless Group, na mwaka huo wa 2016 News Corp iliinunua. ITV iliitaka UTV ya Belfast, ambayo ilikuwa kipande cha mtandao wake. Kituo cha Dublin chenye hasara kilikuja pamoja na mzigo. Na kuna kiungo kingine ambacho wengi hukisahau: Liberty Global, mmiliki mpya wa TV3, ilikuwa pia mwanahisa wa ITV. Mwaka 2014 ilinunua asilimia 6.4 ya hisa zake kutoka kwa Sky, na Julai 2015 ikaongeza hadi asilimia 9.9. Simaanishi kwamba hisa hizo ziliiamuru ITV kufanya lolote, kwani chini ya asilimia 10 haimpi mtu usukani. Ninachosema ni kwamba pande hizo mbili zilifahamiana na zilikuwa na sababu ya kuzungumza.

Zilizungumza. Julai 2016 ITV ilikubali kuiuzia Virgin Media kituo cha UTV Ireland kwa euro milioni 10, na Desemba 2016 Coronation Street na Emmerdale zikarudi TV3, mahali zilipokuwa miaka miwili nyuma. Januari 2017 UTV Ireland ikapewa jina la be3. Agosti 2018 majina yote ya zamani yakafutwa, TV3 ikawa Virgin Media One, dada yake 3e ikawa Virgin Media Two, na be3 ikawa Virgin Media Three. Hivyo tamthilia ile iliyotoka RTÉ mwaka 2001 kwa sababu ya umiliki, ikaondoka TV3 baada ya umiliki kubadilika, ilirudi tena kwa njia hiyo hiyo ya umiliki. Katika safari zote hizo, ubora wa ratiba ya kituo chochote haukuwa ndio ulioamua.

Kuna hasara moja ambayo sitaki ipite bila kutajwa. Kwa muda wa karibu miaka miwili, Jamhuri ilikuwa na vyumba vitatu vya habari za televisheni kwa Kiingereza vilivyoshindana, yaani RTÉ, TV3 na UTV Ireland. Muungano ulipokamilika, jina la Ireland Live lilitoweka hewani, na nchi ikarudi kwenye viwili. Wachumi watasema soko la watu chini ya milioni tano haliwezi kulisha vitatu, na kwa hesabu za matangazo ya biashara huenda wakawa sahihi. Lakini waandishi wa habari waliojengewa chumba kipya na kisha wakafungiwa hawakuwa wamefanya kosa lolote la kitaaluma. Kazi yao ilitegemea kipindi cha maigizo cha nchi nyingine kibaki mahali kilipo, na huo ni msingi mwembamba mno kwa huduma ya habari.

Kuhusu RTÉ nitasema machache, kwa kuwa mwaka ule haukuitikisa katika ratiba. RTÉ One ilibaki kituo kinachotazamwa zaidi, ikiwa na EastEnders ya BBC kwa upande mmoja na Fair City, tamthilia yake yenyewe ya Dublin inayoendelea tangu 1989, kwa upande mwingine. Matatizo ya RTÉ yalikuwa ya ada ya leseni, ambayo haikuwa imepanda tangu 2008, na mjadala huo una historia yake.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho. Kituo chako kikialikwa kushindania tamthilia kubwa ya kigeni iliyo mikononi mwa mwenzenu, hesabuni kwanza saa za jioni ambazo haitazijaza, na muweke bei ya kuzijaza hizo kwenye karatasi ile ile yenye bei ya tamthilia. Mkiona kwamba jumla inabebeka tu ikiwa watazamaji wote wa tamthilia watabaki hadi saa 4 usiku, basi haibebeki, kwa sababu hawatabaki wote. Chunguzeni pia watazamaji wenu wanaweza kuipata wapi pengine, kwa setilaiti, kwa king'amuzi cha kampuni nyingine au kwa intaneti, na mwambieni muuzaji aandike katika mkataba atafanya nini akigundua kwamba upekee aliowauzia unavuja.

La mwisho ni kifungu ambacho wanasheria wa vituo vidogo hukiacha mara nyingi, na ambacho kisa cha Ayalandi kinakionyesha kuwa na uzito kuliko bei. Dai kifungu kinachoeleza nini kitatokea kwa haki zenu iwapo kampuni inayotengeneza tamthilia itanunua hisa katika kituo kinachoshindana nanyi, au iwapo ninyi wenyewe mtauzwa. Omba muda wa haki uendelee hadi mwisho bila kujali mabadiliko hayo, na mkinyimwa hilo, omba angalau notisi ya miezi 12. TV3 ilipata zaidi ya mwaka mmoja kati ya tangazo la Novemba 2013 na Januari 2015, na ndani ya muda huo ndimo ilimotengenezwa Red Rock.